Mtoto Wangu Anaonewa: Maswali Ambayo Wazazi Huuliza Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo wazazi huyarudia, mara nyingi usiku, mtoto akiwa amelala na wao usingizi umewapaa. Si lazima uyasome yote kwa mpangilio. Kama mtoto amekuambia leo hii, anza na swali la 8. Kama ametaja kufa au kujidhuru, acha mengine yote uende swali la 19.

## Kuujua uonevu

1. Uonevu ni nini hasa, na unatofautianaje na ugomvi wa watoto?

Watoto hugombana, wakanuniana, kesho yake wakacheza pamoja. Huo ni ugomvi: kila mmoja ana la kusema na nguvu zao zinakaribiana. Uonevu una alama tatu ambazo Dan Olweus, mtafiti aliyeanza kuuchunguza uonevu wa shuleni huko Skandinavia mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliziweka bayana na bado zinatumika: unafanywa kwa makusudi, unarudiwa, na anayeufanya ana nguvu ambazo anayefanyiwa hana.

Neno "nguvu" ndilo huwapotosha wazazi, kwa kuwa hutazama misuli. "Mbona yule ni mdogo kuliko mwanangu?" Nguvu inaweza kuwa kundi la marafiki, ulimi mwepesi, cheo cha kiranja, au siri moja tu anayoijua kuhusu mwenzake. Kipimo ninachokitumia ni hiki: je, mwanao angeweza kusema "acha" na ikaachwa? Kama hawezi, mizani imekwisha lala upande mmoja.

2. Wanasema wanataniana tu. Utani unageuka uonevu lini?

Utani una zamu. Leo ni mimi, kesho ni wewe, na ukiona mwenzio amebadilika uso unaacha. Anayechekwa akiwa yule yule kila siku, au jina alilobandikwa likaendelea kutumika baada ya yeye kuomba wasimwite hivyo, hapo utani umekwisha.

Sikiliza pia anavyolisimulia. Mtoto aliyetaniwa husimulia huku akicheka. Anayeonewa hukilazimisha kicheko, kisha hukutazama aone kama umekiamini.

3. Hawampigi, wanamtenga tu. Na huo ni uonevu?

Ndiyo, na ndio mgumu kuliko wote kuuthibitisha. Hakuna jeraha la kuonyesha. Kuna benchi ambalo wenzake huhama anapokaa, kundi la simu lililofunguliwa upya bila yeye, mnong'ono unaokatika anapoingia. Akijaribu kukueleza, mambo yenyewe yanasikika madogo: "Hawakuniita." Usiyapunguze zaidi ya hapo. Yaandike kama unavyoandika mengine (tazama swali la 11).

4. Au ni mtoto wangu tu ambaye ana tatizo?

Ripoti ya UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 duniani alikuwa ameonewa na wenzake walau mara moja katika mwezi uliotangulia. Sababu waliyoitaja zaidi wanafunzi wenyewe ilikuwa mwonekano wa mwili. Mwambie mwanao hivyo, kwa maneno ya umri wake. Mtoto anayeonewa huanza kuamini kwamba kuna kasoro ndani yake iliyowaita waonevu, na kujua kwamba hata dawati la jirani huenda kuna mwingine humwondolea sehemu ya aibu.

## Kutambua

5. Dalili zake ni zipi?

Zile zinazotajwa kila mahali ni za kweli: nguo iliyochanika, alama mwilini zenye maelezo yasiyoingia akilini, vitu "vinavyopotea" kila wiki, maksi kushuka, kukosa usingizi, kukojoa kitandani kwa mtoto aliyekwisha acha. Lakini dalili zinazokuja mapema huwa ndogo zaidi, na mzazi huzipita kila siku.

Kuna mtoto anayerudi nyumbani na kabla hajavua viatu anakimbilia chooni. Siku moja si kitu. Ikiwa ni kila siku, uliza. Choo cha shule ni mahali ambapo mwalimu hayupo, na wapo watoto wanaoonewa ambao hujibana kutwa nzima, wengine huacha hata kunywa maji ili wasihitaji kwenda. Chupa ya maji inayorudi imejaa kama ilivyoondoka ni habari. Ni habari pia mtoto anayerudi na njaa kali ilhali alikuwa na pesa ya chakula, anayebadili njia ya kupita bila sababu, anayetaka kuwahi mno au kuchelewa makusudi ili asikutane na watu getini, na tumbo linalouma Jumapili jioni lakini likapona likizo nzima. Kwenye simu: anaiweka kifudifudi, anashtuka ikilia, au ghafla haigusi kabisa.

Si wote hunyong'onyea. Wengine huwa wakali. Hasira isiyoweza kutolewa shuleni huja kumalizikia kwa mdogo wake.

6. Si inaweza kuwa kitu kingine?

Inaweza: ugonjwa, masomo yamemzidi, jambo la hapa nyumbani, kubalehe. Tazama badiliko na ratiba yake. Mtoto ambaye siku zote ni mkimya hajakupa dalili kwa kuwa mkimya. Aliyekuwa msemaji akanyamaza, amekupa. Maumivu yanayokuja hata likizo yanataka daktari. Yanayokuja siku za shule peke yake yanataka daktari na mazungumzo.

7. Kwa nini haniambii, na nimuulizeje?

Anaogopa mambo mawili: kwamba hutafanya lolote, na kwamba utafanya kitu. Hofu ya pili ni kubwa kuliko tunavyodhani. Anakuona tayari ukiingia shuleni unafoka, na anajua kwamba kesho wakati wa mapumziko wewe hutakuwepo.

Usimkalishe kitako na kumhoji. Zungumzeni mikono ikiwa na shughuli, mnaosha vyombo, mnatembea, mko ndani ya gari. Macho yasipokutana, ulimi hulegea. "Kuna mtu anakuonea?" hujibiwa "hapana" na mlango unafungwa. Jaribu "Mapumziko huwa unakaa na nani?", "Darasani kwenu ni nani anachekwa sana?", "Kuna sehemu ya shule usiyopenda kupita?" Akianza kusimulia habari za "mwenzangu mmoja", msikilize huyo mwenzake kwa makini, wala usimkimbize akiri kwamba ni yeye.

## Siku anapokuambia

8. Ameniambia. Nifanye nini kwanza?

Nyamaza, umsikilize mpaka mwisho. Hapa mimi mwenyewe nilikosea. Mwanangu alipoanza kunisimulia, nilimkatiza kwenye sentensi ya pili: "Na wewe ulifanya nini?" Nilitaka kuelewa. Yeye alisikia "uliwakosea nini?" Zikapita karibu wiki tatu kabla hajalitaja tena.

Maneno yanayotosha kwa jioni ya kwanza ni machache: "Nashukuru umeniambia. Si kosa lako. Sitafanya lolote kabla ya kukuambia." Hilo la tatu ndilo zito. Mtoto anayeonewa amenyang'anywa uamuzi: apite wapi, akae na nani, acheke lini. Ukimnyang'anya na uamuzi wa namna ya kusaidiwa, utakuwa wa pili kumfanyia hivyo. Muulize, "Ungependa nini kitokee? Na ni nini unaogopa kitatokea?" Jibu lake la pili mara nyingi ndilo litakaloamua njia ya kupita.

Hasira yako itakuwepo, na ni haki yako. Itoe mbele ya mtu mzima mwenzio. Mtoto akikuona umetetemeka, ataanza kukulinda wewe kwa kunyamaza.

9. Ameniapisha nisimwambie mtu yeyote. Nitunze siri?

Usiape. Mwambie ukweli: "Siwezi kuahidi kunyamaza wakati unaumizwa, ila naahidi utaijua kila hatua kabla sijaichukua." Kisha mpe machaguo ambayo ni machaguo kweli: mwalimu gani aambiwe, siku gani, yeye aje au abaki. Kama pana majeraha, silaha, vitisho vya kuuawa au kushikwashikwa mwili, hakuna kusubiri aridhie. Hapo unamweleza unachofanya, unakifanya siku hiyo hiyo, na polisi nao wahusishwe.

10. Baba yake anasema "na wewe mpige". Mimi nasema "wapuuze". Nani yuko sahihi?

Nyote wawili mnaielewa nusu. Ushauri wa kurudisha kipigo unasahau swali la 1: nguvu hazilingani. Huenda akapigwa zaidi, au yeye ndiye akaitwa ofisini, maana mwalimu aghalabu hugeuka wakati wa ngumi ya pili. Na asipoweza kupiga, atakuwa ameshindwa mbele ya mwonevu, na mbele ya baba pia. Kujinasua na kukimbilia penye watu ni kitu kingine, hilo afundishwe.

"Wapuuze" husaidia kwa neno moja la kupita. Kwa jambo la kila siku, masikioni mwa mtoto maana yake ni "vumilia".

Mfundisheni sentensi moja fupi, kwa mfano "Usiniite hivyo", aiseme kwa sauti ya kawaida, kisha aondoke bila kungoja jibu. Aifanyie mazoezi nyumbani, wewe ukiwa mwonevu, halafu mbadilishane. (Watoto huigiza uonevu vizuri mno, utajifunza mengi kwa kumtazama tu.) Na mtafutieni walau mwenzake mmoja wa kuwa naye kwenye sehemu zenye hatari. Katika uchunguzi uliofanyika Kanada na kuchapishwa mwaka 2001, watoto walirekodiwa kwa kamera wakiwa viwanjani mwa shule: pale mwenzao alipoingilia kati, zaidi ya nusu ya matukio yalikoma ndani ya sekunde 10. Rafiki huyo hahitaji kuwa shujaa. Akisema "twende zetu" inatosha.

## Kwenda shuleni

11. Nianzie kwa nani, na niende na nini mkononi?

Anza na mwalimu wa darasa, kwa miadi. Usimvamie getini asubuhi watoto wakitazama. Nenda na daftari. Usiku ule ule aliokuambia, andika, na uendelee kuandika kila tukio kwa namna hii:

*Jumanne, mapumziko ya saa nne, nyuma ya maktaba. Watatu wa darasa la juu. Walimwaga begi, wakachukua kikokotoo. Aliyeona: anayekaa naye dawati moja. Alimwambia mwalimu wa zamu, akajibiwa "nitaangalia".*

Linganisha na "wanamsumbua kila siku". Kauli hiyo ya jumla haina pa kushikwa. Ile ya Jumanne ina mahali, saa na shahidi, na mwalimu anaweza kuifuatilia kabla ya kengele ya mchana. Piga picha majeraha na vitu vilivyoharibiwa, uandike tarehe.

12. Kwenye kikao niseme nini?

Soma daftari, kisha uliza maswali matatu na usiondoke bila majibu: Kuanzia kesho, nani mtu mzima atakuwa pale mahali penyewe, saa ile? Mwanangu akipata shida aende kwa nani kwa jina? Tunaonana tena tarehe gani?

Wazazi wengi huingia wakidai adhabu ya yule mtoto. Naelewa, lakini kikao hugeuka kesi, na shule nyingi hazitakueleza alichofanyiwa mtoto wa mwenzio. Dai usalama wa wako. Omba pia kwamba asitajwe paredi wala kusimamishwa mbele ya darasa. Ukifika nyumbani, tuma ujumbe mfupi: "Asante kwa kikao cha leo. Tulikubaliana kwamba..." Ujumbe huo utakuja kukufaa ukifika swali linalofuata.

13. Mwalimu anasema "hayo ni mambo ya watoto". Nifanyeje?

Panda ngazi, na kila ngazi iwe kwa maandishi: mwalimu mkuu, bodi au kamati ya shule, kisha ofisi ya elimu inayoisimamia. Ambatisha daftari na ujumbe wa kikao. Huombi fadhila. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 19, unazitaka nchi zimlinde mtoto dhidi ya kila aina ya ukatili wa mwili na wa akili akiwa chini ya uangalizi wa wazazi au mtu mwingine yeyote anayemtunza, na saa za shule mtunzaji huyo ni shule.

Wala si kweli kwamba hakuna linalowezekana. Norway ilianzisha kampeni ya shule zote mwaka 1983, baada ya wavulana watatu kujiua mwishoni mwa 1982 katika matukio yaliyohusishwa na kuonewa. Ufini nayo ina mpango wa kupambana na uonevu shuleni uitwao KiVa, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Turku, ambao unawalenga zaidi wanafunzi wanaotazama na kushangilia. Uonevu hutaka watazamaji.

14. Shule inataka kuwakutanisha ana kwa ana wapatane. Nikubali?

Kwa ugomvi, kubali. Kwa uonevu, kataa kwa upole. Upatanishi humfanya kila upande ukubali una sehemu ya kosa, na mtoto anayeonewa atakubali chochote ili atoke chumbani humo. Atashikana mikono na mtu anayemwogopa, mbele ya mwalimu, na wote wawili wanajua nini kitatokea mlangoni. Omba wasikilizwe mmoja mmoja.

15. Niende kwa wazazi wa yule mtoto?

Isipokuwa kama mnafahamiana vizuri na mnaheshimiana, hapana. Hata mzazi mwema akisikia mwanawe anashtakiwa, hulka yake ni kumtetea. Pitia shule. Na kwa hali yoyote usimkabili mtoto mwenyewe njiani. Ukifanya hivyo, mlalamikiwa utakuwa wewe.

16. Nimhamishe shule?

Wakati mwingine ndilo jibu: shule imekataa kusikia, au usalama wake haungoji. Lakini lisiwe la kwanza, na lisifanywe bila yeye. Mtoto anayehamishwa ghafla huweza kuhisi kwamba aliyeadhibiwa ni yeye. Mkiamua kuhama, msiruke kazi ya swali la 10 wala ya swali la 17, kwani simu humfuata hadi shule mpya.

## Simu na mtandao

17. Wanamtukana kwenye makundi ya WhatsApp. Nimnyang'anye simu?

Usimnyang'anye. Watoto wengi hawasemi kuhusu matusi ya mtandaoni kwa sababu hiyo hiyo: akisema, anapoteza simu. Fuata mpangilio huu, maana watu huukosea. Kwanza piga picha za skrini zenye jina, namba, tarehe na saa. Ndipo aripoti, amblokue mhusika na kutoka kwenye kundi. Ukitoka kabla, ushahidi unaweza kukupotea. Kisha ingieni kwenye mipangilio ya faragha mzuie watu asiowajua wasimwingize kwenye makundi mapya. Asijibu matusi, jibu lake ndilo litakalosambazwa, likiwa limekatwa mwanzo wake.

Waonevu wa mtandaoni mara nyingi ni wale wale anaokaa nao darasani, kwa hiyo picha hizo za skrini ziende pia kwenye kikao cha swali la 12.

18. Picha yake ya utupu inasambazwa.

Usiitume kwa mtu yeyote, hata kwa mwalimu kama ushahidi. Katika nchi nyingi kusambaza picha ya namna hiyo ya mtoto ni kosa la jinai, nia yako iwe nzuri namna gani. Andika ilipoonekana, nani ameituma na saa ngapi, kisha nenda polisi. Ipo pia huduma ya bure iitwayo Take It Down, ya NCMEC, kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaodhulumiwa. Hutengeneza alama ya kidijiti ya picha bila picha yenyewe kutoka kwenye simu yako, na mitandao iliyojiunga nayo huitumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa. Mtoto usimgombeze kwa kuipiga. Hayo yana siku yake, na siku hiyo si leo.

## Hali ngumu

19. Amesema hataki kuishi.

Chukulia ni kweli. Muulize waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo kichwani, humpa ruhusa ya kusema. Usimwache peke yake, ondoa dawa, sumu na vitu vyenye ncha kali karibu naye, na mpeleke hospitali leo hii. Nchi nyingi zina namba ya bure ya simu ya kuwasaidia watoto. Piga mkiwa wote wawili. Shule itangoja.

20. Anayemwonea ni mwalimu.

Anza na mwalimu mkuu, kwa maandishi, usimpitie mhusika. Kama mhusika ni mwalimu mkuu mwenyewe, nenda ngazi ya juu yake. Yanayobaki ni ya swali la 11 na la 13.

21. Nimeitwa shuleni nikaambiwa mwanangu ndiye anayeonea wenzake.

Kaa, usikilize kama ulivyotaka wengine wasikilize. Wapo watoto wanaoonewa mahali pamoja na kuonea mahali pengine, kwa hiyo soma tena swali la 5 ukimfikiria yeye. Mwambie tendo lenyewe bila kumpa jina la "mwonevu", mtake arekebishe alichoharibu, akirudishe alichochukua. Kumchapa kwa kosa la kumpiga asiye na nguvu kama yeye humfundisha jambo moja tu, na analijua tayari.

22. Nitajuaje kama yamekwisha?

Si kwa kumuuliza kila jioni. Ataanza kukujibu unachotaka kusikia. Tazama zile zile za swali la 5. Jumapili jioni inapita bila tumbo. Chupa ya maji inarudi tupu. Anataja jina jipya la mtu aliyecheka naye. Tegemea pia kwamba yatarudi kidogo mara moja au mbili, hasa baada ya likizo au madarasa yakichanganywa upya, kwa hiyo daftari usilitupe, na kikao kingine na mwalimu kiweke wiki ya pili ya muhula mpya kabla hujahitaji kukiomba.